Kuffour hakuishia Bayern

Wengi hudhani kwamba Samuel Kuffour, beki wa zamani wa Ghana, alistaafu akiwa Bayern Munich ya Ujerumani. Hapana, hakustaafu akiwa huko. Aliihama mwaka 2005 na kujiunga na Roma, akapelekwa kwa mkopo Livorno msimu wa 2006–07, akapita Ajax kwa muda mfupi mwaka 2008, kisha akarejea Kumasi, mji wa Ghana aliozaliwa, kujiunga na klabu ya Asante Kotoko. Ikumbukwe kwamba Italia haikuwa ngeni kwake, maana Ulaya alianzia katika timu ya vijana ya Torino kabla Bayern haijamchukua mwaka 1993. Nadhani kinachowachanganya wengi ni kwamba matukio yake mashuhuri yote ni ya Bayern: kuipiga nyasi kwa ngumi katika fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Camp Nou mwaka 1999, baada ya Manchester United kufunga mabao mawili katika dakika za majeruhi, na bao lake, lililokuwa la pekee katika mchezo, lililoizamisha Boca Juniors ya Argentina katika Kombe la Mabara jijini Tokyo mwaka 2001, miezi michache tu baada ya kutwaa Ligi ya Mabingwa. Msimu wake wa 1995–96 katika Nürnberg, klabu nyingine ya Ujerumani, ulikuwa wa mkopo tu kutoka Bayern, kwa hiyo usiuhesabu kama uhamisho.