Bwawa limepungua, tope limeonekana: tuchimbe?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, nasimamia shamba nje ya Abu Dhabi. Tuna bwawa la maji taka yaliyosafishwa, na kuanzia Agosti ndege wa kuhama hujazana. Mwaka huu maji yamepungua, ukingoni ni tope tupu. Bosi kaletewa fundi: anataka kuchimba mita tatu kwa tingatinga, atie vifaranga vya perege wawe chakula cha ndege, kisha amwage mrututu kuondoa ukijani. Tumkubalie?

JIBU: Marahaba. Msimkubalie. Mpeni chai, muagane vizuri.

Hilo unaloliita tope tupu ndilo jamvi la chakula. Kila msimu naulizwa swali hili, na kila mara muulizaji ameshaaminishwa kwamba bwawa zuri ni lililojaa pomoni. Chota tope pale maji yanapoishia kwenye kifundo cha mguu, lisuuze kwenye chujio la chai. Utaona vitu kama nyuzi nyekundu vikijinyonganyonga. Hao ni viluwiluwi vya vijidudu wanaofanana na mbu ila hawaumi. Kitwitwi mdogo, ndege wa gramu 25 hivi aliyetoka kuzaa kaskazini kabisa mwa Urusi, anawafuata hao, na miguu yake ni sentimita chache tu. Kwenye mita tatu atasimama wapi? Hata bata wale wanaobinua mkia juu na kuzamisha kichwa hawatafika chini. Mtabaki na mnandi wawili watatu.

Perege nao hula hizo hizo nyuzi nyekundu. Tazameni jirani yenu Al Wathba, hifadhi tangu 1998, mwaka ambao heroe waliangua vifaranga pale. Maji yake nayo ni ya taka zilizosafishwa, ila yamekolea chumvi. Heroe wanashiba kwa vijikamba vya maji ya chumvi kali, na vijikamba hivyo vinastawi kwa sababu samaki wa kuvimaliza hawaiwezi chumvi ile.

Mrututu ndio unaonikasirisha hasa. Kwetu tunaunyunyizia mibuni, basi mtu anadhani ni dawa ya kila kitu! Shaba iliyomo ndani yake inaua konokono na wadudu wa majini. Ukijani ukifa kwa mkupuo unaoza, hewa inakwisha majini, na kwa joto la huko bakteria wa botulizimu, wenye sumu ya kupoozesha, wanapata kwao. Ndege hulegea shingo, akazama akiwa hai. Mzoga unaingia funza, funza wanabeba sumu, anayewala naye anakufa. Nimewahi kuokota mizoga hiyo kwa ndoo kwenye bwawa "lililosafishwa" namna hii, na aliyeuza dawa alikuwa hapokei simu tena.

Kama tingatinga limeshalipiwa, lilaze ukingo mmoja uwe mteremko wa taratibu, basi. Maji yaacheni yashuke polepole, yasikauke kabisa. Mizoga iokoteni kila siku kwa glavu. Mbwa wasikaribie.

Wauzaji hawa wapo Maskati, wapo Nairobi, wapo Dodoma. Wanabadilisha jina la unga tu. Mtu akija kuboresha bwawa, muulize kwanza kitwitwi anakula nini. Akijibu samaki, mfungulie geti atoke. Nawe nitumie picha ya ukingo, uchomeke koleo pale penye maji nione kina.