Dadu zanionea ama nina nuksi?

SWALI: Anko salama? Niko Majengo, usiku na mabeste twacheza gemu ya kuandika kwa simu, waandika "namkata jini na jambia" halafu warusha dadu ya pande 20, ukipata 15 kwenda juu ndo wampata. Jana nimekosa mara nne mfululizo, wanicheka ati nina nuksi!

JIBU: Salama mwanangu. Nuksi gani, piga hesabu: 15 mpaka 20 ni nambari sita tu kati ya 20, yaani asilimia 30, so kukosa nne mfululizo ni kama asilimia 24, kitu cha kawaida kabisa. Na dadu haikumbuki ya jana, usingoje ati zamu yako imefika. Mkitaka bahati itulie tumieni dadu mbili za pande sita, 7 yaja kwa njia 6 kati ya 36, 12 njia moja tu, yaani nambari za kati ndo zaja sana kuliko za mwisho.

Lakini hebu, nani anarusha? Kama kila mtu arusha kwake chumbani halafu ajiandikia nambari, wallahi hata mimi ningepata 20 kila siku. Wekeni boti, yaani programu ya kurusha dadu yenyewe humo kwa gemu, irushe mbele ya wote.