Bokisi la usukani likirudia kuvuja, tazama shafti kabla ya kununua sili nyingine

Ndugu, umesema sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya chini ya bokisi la usukani uliibadilisha miezi miwili iliyopita, haidroliki (mafuta ya usukani) imeanza tena kudondoka, na fundi anataka uweke sili nyingine. Subiri kwanza. Gari langu la zamani, nalo la bokisi lenye gololi ndani kama lako, lilikula sili mbili kabla sijajua kwamba sili hazikuwa na kosa.

Anza kwa kuhakikisha panapovuja. Haidroliki hutambaa. Hozi ya presha ikilowana kule juu kwenye nati, mafuta hushuka ubavuni mwa bokisi hadi kwenye pitmani amu (mkono wa chuma ulio chini ya bokisi), na hapo kila mtu atasema ni sili ya chini. Osha bokisi zima, likauke, washa injini, mtu akuzungushie usukani nawe umulike kwa tochi.

Kama kweli ni chini, mwambie achezeshe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, injini ikiwaka. Usitoe macho kwenye shafti, yaani mti wa chuma unaozungusha amu, pale inapotokea kwenye bokisi. Inatakiwa izunguke tu. Yangu ilikuwa inasogea pembeni kwanza, ndipo izunguke: bushi, yaani pete inayoishikilia shafti, ilikuwa imekwisha. Shafti ikicheza hivyo, inausukuma mdomo wa sili upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili, na kwa presha iliyomo humo hakuna sili itakayodumu.

Ukishaitoa amu, pitisha ukucha kwenye shafti mahali sili inapokaa. Kutu nyepesi inaondoka kwa msasa laini sana, ukisugua kwa kuizunguka shafti, kamwe si kwa urefu wake. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, hiyo shafti inakula sili. Ibadilishwe, au kama nafasi ipo, sili ikae juu au chini kidogo ili mdomo upate mahali pazima.

Amu yenyewe itolewe kwa pula (kifaa cha kuvutia). Nakusihi, nyundo isiguse ncha ya shafti, maana kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye meno na beringi za ndani. Weka alama kwenye amu na shafti kabla ya kuvitenganisha, la sivyo usukani utarudi umekaa upande. Na unapovisha sili mpya, funga meno ya shafti kwa utepe laini. Mkwaruzo mmoja kwenye mdomo wa mpira unatosha kukurudisha mwanzo.

Kuna watakaokuambia kaza ile skrubu ya juu ya bokisi, ya kurekebisha mchezo wa meno ya ndani. Usikubali. Haizuii kuvuja, na ikikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mzito katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Hilo ni hatari barabarani. Dawa za kuzibia nazo hulainisha mpira kwa muda tu.

Mwisho ni kutoa hewa. Inua magurudumu ya mbele, weka stendi, injini imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho kama mara 20 huku ukiongeza haidroliki. Ukiwasha na ukaona povu, zima, liache litulie, urudie. Usishikilie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde 5.

Nilipoweka bushi na sili kwa pamoja, chini ya bokisi pakakauka na hadi leo ni pakavu. Itazame shafti yako, kisha uniambie kama inasogea.