Maswali ya wasomaji: Sikio limeziba, chanzo kiko nyuma ya pua

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Kila akishikwa na mafua, sikio linatoa usaha. Kaka yake wa miaka 12 hupata mafua hayohayo, lakini masikio yake hayana neno. Kwa nini? — Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba. Tofauti yao ni mrija wa Eustachi, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, Mwitalia wa karne ya 16. Unaanzia sikio la kati, nyuma ya ngoma ya sikio, na kuishia nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini. Kwa mtu mzima una milimita 36 hivi: theluthi ya upande wa sikio ni mfupa, iliyobaki ni gegedu, na zinapoungana ndipo pembamba kuliko pote. Unateremka kwa nyuzi 45 hivi. Wa mtoto mchanga ni karibu nusu ya urefu huo na umelala, nyuzi 10 tu, kwa hiyo makamasi yenye vijidudu hayana mlima wa kupanda. Nyama za puani zikivimba, nazo huuziba mdomo wa mrija.

Asinywe chupa akiwa amelala chali, mwinue kichwa. Mwepushe na moshi wa sigara na wa jiko. Usaha ukitoka, ngoma imetoboka: usitie mafuta wala maji ya kitunguu. Sokota kitambaa safi, kikaushe sikio, kisha mpeleke kituo cha afya. Akivimba nyuma ya sikio, mpeleke siku hiyohiyo.

SWALI: Nasafiri kwa ndege Dar hadi Mwanza nikiwa na mafua. Mara ya mwisho sikio liliuma sana wakati wa kutua. Nifanyeje? — Msafiri

JIBU: Ukiweza, ahirisha. Mrija huu hukaa umefungwa. Misuli ya kaakaa huufungua unapomeza au kupiga mwayo. Ndege ikipanda, hewa ya ndani hujitokea yenyewe. Ikishuka, hewa lazima iingie, na mrija uliovimba kwa mafua hunyonywa ukafungika zaidi. Ndiyo maana kuchelewa kuufungua kunaumiza: tofauti ya kanieneo (msukumo wa hewa) ikishakuwa kubwa, misuli haina tena nguvu ya kuufungua.

Usilale ndege inapoanza kushuka. Meza mate mara kwa mara, au tafuna bigijii. Isipotosha, bana pua ukimeza. La mwisho, bana pua, funga mdomo, sukuma pumzi taratibu. Ukisukuma kwa nguvu unaweza kuumiza sikio la ndani. Dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, nusu saa kabla ya kushuka, husaidia watu wazima. Ila mwenye presha aulize kwanza, na isizidi siku tano. Mtoto mchanga mpe ziwa.

SWALI: Nina miaka 52. Sikio la kushoto limeziba miezi miwili, sina mafua. Nimepewa matone mara tatu, wapi! — Mzee wa Tanga

JIBU: Mzee wangu, matone huishia kwenye ngoma kama haijatoboka, hayafiki kwenye mrija. Mtu mzima anayejaa maji nyuma ya ngoma upande mmoja tu lazima achunguzwe nyuma ya pua kwa kamera, kwa sababu uvimbe hapo, hata wa saratani, huweza kuuziba mrija kabla ya dalili nyingine. Nenda kwa daktari wa pua, masikio na koo wiki hii. Mwambie pia kama una tezi shingoni au damu kwenye makamasi.