Kiti kimebaki wazi baada ya uchaguzi: ya kuangalia kabla ya kutaja majina

Wewe uliyechaguliwa katibu juzi, au umeingia kwenye kamati kwa mara ya kwanza, kuna jambo linaweza kukufika mapema kuliko unavyodhani. Uchaguzi umekwisha, washindi wamepigiwa makofi, na kiti kimoja hakina mtu. Pengine aliyeshinda amesema hawezi, pengine ameshika kazi kidogo akaaga. Kamati ikikutana, majina yataanza kutajwa hata kikao hakijafunguliwa. Nimekuwa katibu wa vyama zaidi ya kimoja, na ninachokushauri ni kuyaweka majina pembeni hadi swali moja lijibiwe: nafasi hii imeachwa wazi, au uchaguzi wake haujakamilika?

Wengi huona ni mamoja. Siyo. Mtu aliyechaguliwa akakataa palepale ukumbini hajaushika wadhifa, kwa hiyo hana alichokiacha. Ni hivyo hivyo kwa aliyechaguliwa akiwa hayupo, bila kuridhia kugombea, kisha akakataa alipopelekewa habari. Uchaguzi wa nafasi hiyo ni kiporo cha mkutano mkuu, na wanachama ndio wenye haki ya kukimaliza: siku hiyohiyo kama akidi ingalipo, au katika mkutano mwingine. Lakini aliyekubali, hata akikaa siku moja, akiondoka ameacha nafasi wazi, na hapo ndipo kile kifungu cha katiba ya chama kinachoipa kamati mamlaka ya kujaza nafasi kinapoanza kufanya kazi. Kamati ikikitumia kifungu hicho kumaliza uchaguzi usiokamilika, imewapokonya wanachama kura yao, hata kama nia ni njema, na huyo aliyewekwa ataulizwa uhalali wake muhula mzima.

Huo ndio msimamo wa kanuni za mikutano zilizotokana na kitabu cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, kilichotoka 1876, ambazo vyama vingi huziegemea pale katiba yao inaponyamaza. Inaponyamaza tu. Katiba yako ikisema vingine, katiba ndiyo inayotawala, kwa hiyo isome neno kwa neno, na nakala uwe nayo mkononi unapoingia kikaoni.

Utasikia pia kwamba mshindi wa pili apande, maana naye alipata kura. Hapandi, isipokuwa katiba imesema hivyo. Waliomnyima kura walikuwa wengi kuliko waliompa, wala hakuna ajuaye wangempigia nani kama aliyeshinda asingekuwepo. Akitaka, agombee upya.

Uenyekiti ni habari nyingine. Kwa kanuni hizo, mwenyekiti akiondoka makamu anakuwa mwenyekiti bila kura, hata kama hapendi. Asipotaka, ajiuzulu umakamu. Kinachobaki wazi basi ni kiti cha makamu, na mara nyingi kamati husahau kwamba pengo limehama. Marekani yalitokea yote mawili kwa mtu yuleyule: Gerald Ford aliteuliwa makamu wa rais mwaka 1973 baada ya Spiro Agnew kujiuzulu na akathibitishwa na mabunge yote mawili, kisha Agosti 1974 akawa rais baada ya Rais Richard Nixon kuondoka, na ikabidi Nelson Rockefeller ateuliwe na kuthibitishwa kuziba pengo aliloliacha Ford.

Kujiuzulu nako kunataka utulivu. Maneno ya hasira kwenye kundi la simu si barua. Hata barua yenyewe, kwa kanuni hizo, ni ombi la kuachiwa majukumu, na nafasi huwa wazi ombi linapokubaliwa na kikao chenye mamlaka. Katiba nyingine husema ni siku barua inapopokelewa. Vyovyote iwavyo, andika tarehe kwenye kumbukumbu.

Halafu taarifa. Kujaza nafasi kuwe ajenda inayojitegemea, na wote wenye kura wajulishwe mapema. Kiongozi anayepatikana kwenye "mengineyo", saa ambayo nusu ya wajumbe wameshaondoka, mimi humtilia shaka hata kama ni mtu safi. Kukaimu pia, binafsi sikupendi kusipokuwa na tarehe ya mwisho. Kaimu asiye na kikomo huwa kiongozi ambaye hakuna aliyemchagua.

Anayejaza nafasi humalizia muda uliobaki, haanzi muhula mpya. Azimio liseme hivyo waziwazi, litaje na tarehe ya kikomo. Kama katiba yenu ina ukomo wa mihula, ulizeni mapema kipande hicho kitahesabiwaje. Kwa kanuni nilizozitaja, aliyetumikia zaidi ya nusu ya muhula amehesabiwa muhula mzima.

Akiwa ni mweka hazina, usingoje kikao kijacho kuthibitisha kumbukumbu. Toa dondoo ya azimio ikiwa na saini, jina la mhusika liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, uipeleke benki ili mtia saini wa zamani aondolewe. Makabidhiano ya vitabu, risiti na nywila yafanyike mbele ya mtu wa tatu, naye atie saini.