Mshauri wa BIM asikuchoree

Ofisi nyingi za wasanifu majengo hapa Mombasa zimekulia kwenye AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, na zikisikia BIM, yaani kuunda modeli ya jengo yenye taarifa za kila sehemu yake, hudhani ni leseni nyingine tu ya kununua. Tofauti ni kwamba kwenye AutoCAD mlango ni mistari. Kwenye Revit au ArchiCAD, ambazo ni programu za BIM, mlango ni mlango: uupanue kutoka milimita 900 hadi 1,000, na ramani, mchoro wa mkato na jedwali la milango vyote hubadilika papo hapo.

Sisi tulileta washauri kutoka nje. Ukifanya hivyo, usimwache mshauri achore yeye. Modeli itatoka maridadi, mteja atafurahi, kisha mshauri akishaondoka hakuna wa kuigusa. Mkataba wetu ulisema mshauri hashiki kipanya. Anakaa kando ya mchoraji na kuelekeza. Malipo nayo yalifuata kazi ambayo vijana wetu waliweza kuitoa wenyewe, si siku alizohudhuria. Alinung'unika, tukamwacha anung'unike.

Anzeni na kazi halisi, lakini ndogo. Yetu ilikuwa nyumba ya ghorofa moja Nyali. Siku bomba la maji taka lilipoonekana kwenye skrini likipenya boriti ya zege, mhandisi, ambaye mpaka hapo alituona twachezea picha, akavuta kiti.

Kazi kubwa iko kwenye templeti, yaani faili za kuanzia zenye kuta, milango na mipangilio iliyo tayari. Washauri huja na zao, nyingi zikiwa za majengo ya Ulaya. Ukuta wa mawe ya matumbawe kule Mji wa Kale ni karibu nusu mita, na unene wake haulingani pembe hadi pembe; vyumba navyo ni vyembamba kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Maktaba ya mshauri haikuwa na kitu kama hicho. Tukautengeneza ukuta huo pamoja naye, na dari yake ya boriti. Andikeni mapema kwamba faili kama hizo ni mali ya ofisi, maana kuna washauri wanaoondoka nazo.

ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM ambacho sehemu zake za kwanza zilitoka 2018, kisomeni, hasa pale kinapotenganisha faili inayoendelea, iliyoshirikiwa na iliyotolewa rasmi. Ila msinunue makabrasha ya taratibu kabla ya kuchora hata ukuta.

Na wekeni akiba ya fedha ya kumwita mshauri tena baada ya miezi michache. Maswali ya maana huja akiwa hayupo, vijana wayaandike.