Uji wa lishe peke yake hautamtosha baba

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama uji wa lishe unamtosha baba mwenye ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka na kukakamaa mwili) anayelishwa kwa mpira, au mnunue maziwa maalumu ya kopo. Uji peke yake, hapana. Ili upite kwenye mpira lazima uwe mwepesi, na ukishakuwa mwepesi ni maji mengi, nguvu kidogo: mgonjwa anashiba huku anakonda. Maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kuwa mlo kamili wa mtu mzima (si yale ya watoto wachanga) huwa na takribani kilokalori 1 kwa mililita, na yapo mazito ya 1.5.

Bei inauma, najua. Sisi kwa mama tulichanganya: kopo asubuhi na usiku, mchana viazi, maharage, samaki na kijiko cha mafuta, vyote vimesagwa kwa blenda na kuchujwa mara mbili. Hilo linawezekana kwa mpira mpana wa tumboni. Ule mwembamba wa puani utaziba.

Ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba protini hupunguza ufyonzwaji wa levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Kwa kawaida dawa hutangulia mlo kwa nusu saa hivi, ila mpangilio wa baba aupange daktari wake. Na vidonge vinavyotoa dawa polepole msivisage kabisa.

Akila, kichwa na kifua viwe juu, abaki hivyo kama saa nzima. Mpimeni uzito kila wiki, mkamwoneshe mtaalamu wa lishe hizo namba.